Kutoa tisa: kwa nini ilinikamatia shoti ya 27,000, halafu ikaiacha 63,000 ipite?

karani_wa_dagaa

Habari za jioni wakuu. Mimi ni karani hapa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Naandika daftari la mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla. Mzigo ukishuka botini nahesabu, mteja akinunua naandika, jioni nafunga hesabu na kukabidhi pesa. Kidato cha nne nilimaliza, ila hisabati msiniulize nilipata nini. Mwenye kunijibu anijibu kama anaongea na mtu wa sokoni.

Mwaka juzi siku moja nilifunga hesabu nikawa na shoti ya 27,000. Daftari linasoma 1,846,500, mkononi nina 1,819,500. Nikahesabu noti mara nne. Nikakung'uta mkoba, nikainua turubai nililokalia, nikapekua mpaka kopo la chumvi. Hamna. Bosi akaanza kumwangalia kijana wetu mpya wa kubeba mizigo kwa jicho ninalolijua, maana aliyekuwepo kabla yake aliondoka kwa shoti ya namna hiyo hiyo.

Banda la pili kulikuwa na mzee akiuza nyavu na kamba. Zamani alikuwa karani wa pamba enzi za ushirika. Akauliza bila hata kuinuka: "Shoti ni ngapi?" Nikamwambia. Akasema, "Mbili na saba, tisa. Hizo hazijaibiwa. Umegeuza namba. Tafuta mahali palipo na tarakimu mbili zinazopishana tatu."

Nikashuka na kidole mstari kwa mstari. Wa kumi na moja: 85,000. Ule ulikuwa mzigo wa mama mmoja wa Igoma, na pesa yake niliikumbuka vizuri kwa sababu ilitoka kwenye fundo la kitenge: noti tano za elfu kumi, na noti nane za elfu moja moja. 58,000! Nane na tano zinapishana tatu. 85,000 toa 58,000 ni 27,000. Nilitamani nimpigie yule mzee magoti.

Tangu siku hiyo akanifundisha na kuhakiki kuzidisha. Yeye aliita "kutoa tisa". Mfano ndoo 24 kwa 17,500. Ishirini na nne: 2 na 4 ni 6. Kumi na saba elfu na mia tano: 1, 7 na 5 ni 13, halafu 1 na 3 ni 4. Sita mara nne ni 24, yaani 6. Jibu ni 420,000, na 4 na 2 ni 6. Imekaa. Ningeandika 410,000 ningepata 5, ningejua nimeharibu. Mniamini, imeniokoa mara nyingi. Kalkuleta ya simu ipo, lakini mikono yangu muda wote ina magamba, na mara nyingi kosa langu haliko kwenye kuzidisha, liko kwenye kunakili.

Sasa Alhamisi iliyopita. Mteja anayepeleka mzigo Kongo kachukua ndoo 38 kwa 26,500. Nikahakiki: 38 ni 11, ni 2. 26,500 ni 13, ni 4. Mbili mara nne, 8. Kwenye daftari nimeandika 1,070,000: moja na saba, 8. Imekaa! Akalipa, akaondoka. Kesho yake anapiga simu yuko njiani kwenda Kigoma, anasema dada umenizidishia. Kweli, jibu ni 1,007,000. Bosi kamrudishia 63,000 kwa simu, ada ya kutuma kanikata mimi.

Na 63 ni nini? Sita na tatu, tisa! Tisa ile ile iliyoniokoa mwaka juzi ndiyo imenificha mwaka huu. Mzee amerudi kwao Sengerema na simu yake ya kitochi haipatikani.

Naomba mnieleweshe: kwa nini tisa na si nane au saba? Kwa nini kosa hili lilipita? Na kuna namna ya kuliziba tundu?

Halafu binti yangu wa darasa la nne kanisikia nalalamika, kaniletea jipya. Anasema tebo ya 9 majibu yote ukijumlisha tarakimu unapata 9, lakini tebo ya 8 inashuka ngazi: 8, 16 ni 7, 24 ni 6, 32 ni 5, mpaka 1. Nimejaribu, ni kweli. Sijui nimjibu nini.

mpenda_ziwa

Tisa ina siri yake dada. Mimba miezi tisa. Fikiria hapo.

boda_wa_buzuruga

Nunua mashine ya risiti yaishe.

karani_wa_dagaa

@boda_wa_buzuruga mashine inatoa unachoingiza. Ukiingiza 85 badala ya 58 inakupa risiti safi kabisa ya uongo.

mwl_mstaafu_nyegezi

Shikamoo hujanipa lakini nimeshaipokea. Marahaba. Nimefundisha shule za msingi miaka mingi, nyingi Ukerewe na chache hapa mjini, na nakuhakikishia wengi waliopata A hawajawahi kuuliza ulichouliza wewe.

Acha karatasi kwanza. Chukua sato kumi, wagawie watu tisa sawasawa. Kila mtu anapata mmoja, anabaki sato mmoja. Chukua sato mia: kila mtu anapata kumi na mmoja, anabaki mmoja. Chukua elfu: kila mtu mia moja na kumi na mmoja, anabaki mmoja. Elfu kumi vilevile, laki vilevile, milioni vilevile. Kila mara anabaki mmoja, mkaidi yule yule.

Sasa njoo kwenye bei yako, 26,500. Ni elfu kumi mbili, elfu sita, mia tano. Kila elfu kumi inaacha mmoja, kwa hiyo zinabaki 2. Kila elfu inaacha mmoja, zinabaki 6. Kila mia inaacha mmoja, zinabaki 5. Mabaki yote ni 2, 6 na 5, yaani 13. Hao kumi na tatu gawa tena kwa watu tisa, wanabaki 4. Jaribu kugawa kwa njia ndefu ya shule: 26,500 gawa kwa 9 ni 2,944 na baki 4. Umeona? Unapojumlisha tarakimu huwa unagawa kwa tisa, ila umepita njia ya panya.

Ndiyo maana ni tisa. Inakaa jirani na kumi, na sisi tunahesabu kwa makumi. Tatu nayo imo, kwa sababu tatu ni mtoto wa tisa: wagawie watu watatu sato kumi, anabaki mmoja vilevile. Lakini wagawie wanane, wanabaki wawili. Wagawie saba, wanabaki watatu. Hesabu inavurugika.

(Bwana wa mimba miezi tisa: vidole vyetu vingekuwa vinane, tungehesabu kwa nane nane, na utukufu wote ungehamia kwa 7. Saba mara tatu ni ishirini na moja, yaani nane mbili na tano juu. Mbili na tano, saba. Saba mara tano ni thelathini na tano, yaani nane nne na tatu. Nne na tatu, saba. Kwa hiyo siri iko kwenye vidole.)

Upande wa kuzidisha. Mchoree binti yako mstatili mchangani, mistari 11 kwenda chini na 13 kwenda kulia. Kumi na moja ni tisa na mbili. Kumi na tatu ni tisa na nne. Kata mstatili huo vipande vinne: tisa kwa tisa, tisa kwa nne, mbili kwa tisa, na kile kidogo cha pembeni, mbili kwa nne. Vitatu vya kwanza vyote vina tisa ndani yake, vinagawanyika vyenyewe bila baki. Kinachobaki ni cha pembeni tu: 8. Na 11 mara 13 ni 143, 1 na 4 na 3 ni 8. Mzigo wako wa ndoo 38 kwa 26,500 ni mstatili huo huo, ila mkubwa. Kona yake ni mbili kwa nne.

Sasa jeraha lako. Tarakimu 7 ikikaa kwenye maelfu inaacha saba. Ikihamia kwenye makumi elfu inaacha saba. Hesabu ya kutoa tisa haina macho ya kuona nafasi! Ukiandika 1,007,000 au 1,070,000 au hata 107,000, kwake yote ni moja na saba. Ungesahau sifuri nzima ingekuambia "imekaa".

Na hapo hapo ndipo lilipo jibu la fumbo lako la tisa mbili. 85,000 na 58,000 zinaacha baki ile ile. Ukitoa moja kwa nyingine, baki zinauana, tofauti inagawanyika kwa tisa. Mwaka juzi mzee alikuwa anaitazama *tofauti*, kwa hiyo tisa ikapiga kelele. Alhamisi ulikuwa unazitazama *baki*, na baki zililingana, tisa ikanyamaza. Ni tisa ile ile, wewe ndiye uliyehama upande.

Jicho linanisumbua, nitaendelea kesho.

karani_wa_dagaa

Shikamoo mwalimu, samahani kwa kuchelewa kuitoa. Nimesoma mara tatu. La sato nimemsomea bosi, kacheka, kasema huyo mmoja anayebaki kila siku ndiye anayeliwa na karani.

mhasibu_bila_tai

Mwalimu kaeleza vizuri, nisiharibu. Ila kauli ya mzee "hazijaibiwa hizo" naipinga kidogo, isije ikamfikisha mtu pabaya.

Shoti ikigawanyika kwa tisa, ni dalili kwamba *huenda* tarakimu zimegeuzwa. Si ushahidi. Chukulia shoti zinaangukia popote: moja katika kila tisa itagawanyika kwa tisa hata kama hakuna aliyegeuza chochote. Mwizi naye anaweza kuchukua 27,000. Anaweza kuchukua 9,000, 18,000, 45,000. Na kuna ndugu mwingine wa kosa hili: mtu anaruka sifuri. Uliuza 45,000 ukaandika 4,500, tofauti ni 40,500, nayo inagawanyika kwa tisa, hakuna kilichogeuzwa hapo.

Nilichokipenda kwa mzee ni lile neno "zinazopishana tatu". Hilo ndilo la kikarani. Gawa shoti kwa tisa, acha sifuri za mwisho: 27 inakupa 3, basi tafuta 8 na 5, au 4 na 1, au 7 na 4, zilizokaa jirani. Shoti ya 18,000 inakupa 2. Yako ya 63,000 inakupa 7, na kweli ni 0 na 7. Badala ya kupekua mistari mia unapekua michache. Ukiikuta, ndipo useme haijaibiwa. Usipoikuta, rudi kwenye mkoba.

Hii kitu makarani wa zamani walikuwa nayo kichwani kabla ya kompyuta. Sasa tunaajiri vijana wenye shahada wanaokaa mpaka saa nne usiku wanatafuta tofauti ya 5,400.

karani_wa_dagaa

@mhasibu_bila_tai hapo kwenye sifuri umenigusa, mimi elfu na mia zinanichanganya sana mteja akiwa ananiharakisha. Asante.

fundi_simu_makoroboi

Mimi niko Makoroboi natengeneza simu, na jambo hili lipo hapa mezani kila siku ila watu hawajui. Bonyeza *#06# kwenye simu yako. Itakuja IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, tarakimu 15. Ya mwisho haihusu simu kabisa, kazi yake ni kulinda zile 14.

Inavyokwenda: tarakimu ya 2, ya 4, ya 6 mpaka ya 14, kila moja unaizidisha kwa mbili. Ikizidi tisa unajumlisha tarakimu zake, mfano 8 inakuwa 16 inakuwa 7. Zile nyingine unaziacha kama zilivyo. Jumlisha zote. Jibu lazima liishie na sifuri. Lisipoishia na sifuri, mtu kakosea kuandika, au kaitunga.

Sasa angalia dada karani, hii imetengenezwa kwa ajili ya kosa lako hasa. Chukua 58, ya kushoto mara mbili: 5 inakuwa 10, inakuwa 1, jumlisha 8, unapata 9. Geuza 85: 8 inakuwa 16, inakuwa 7, jumlisha 5, unapata 12. Hazifanani. Kwa sababu tarakimu ya kushoto na ya kulia hazitendewi sawa, nafasi inaanza kuonekana. Mgeuzo mmoja tu wa jirani unapita: 09 na 90.

Aliyebuni ni mhandisi wa IBM, Hans Peter Luhn, hataza yake ilitoka Marekani mwaka 1960. Namba za kadi za benki zinatumia hiyo hiyo. Nimewahi kuletewa simu ina IMEI imebandikwa ya karatasi kwenye boksi, nikajumlisha kwa kidole mbele ya mteja, haikuishia na sifuri. Jamaa aliyeileta akasema anakwenda kununua vocha. Mpaka leo.

mpenda_ziwa

😂😂 vocha ya Bukoba hiyo

mwl_mstaafu_nyegezi

Fundi, wabeja sana. Umenifundisha, sikujua hiyo ya simu.

Naendelea nilipoachia. Dada karani hawezi kuweka tarakimu ya ulinzi kwenye kila bei ya dagaa, lakini dawa ya kuziba tundu lake ipo, na inatoka upande wa pili wa kumi. Jirani wa kushoto wa kumi ni tisa. Wa kulia ni kumi na moja.

Rudi kwa sato. Wagawie watu kumi na mmoja sato kumi: amepungua mmoja, kuna mtu amekosa. Sato mia: kila mtu tisa, anabaki mmoja. Sato elfu: elfu na mmoja wangetosha kila mtu tisini na mmoja, kwa hiyo amepungua mmoja. Elfu kumi: anabaki mmoja. Anabaki, anapungua, anabaki, anapungua, kama mguu wa kushoto na wa kulia. Kwa hiyo unaanza na tarakimu ya mwisho kulia: jumlisha, toa, jumlisha, toa.

Tufanye ya Alhamisi.

38: nane toa tatu, 5.
26,500, kutoka kulia: 0 toa 0, jumlisha 5, toa 6, jumlisha 2. Inabaki 1.
Tano mara moja, 5. Jibu sahihi lazima litoe 5.

Ulichoandika, 1,070,000: kutoka kulia sifuri nne, halafu 7 inaangukia kwenye kujumlisha, halafu sifuri, halafu 1 ya kujumlisha. Inakuja 8. Haikai! Ungekamatika palepale, mteja akiwa bado amesimama.

1,007,000: sifuri tatu, halafu 7 inaangukia kwenye kutoa, sifuri mbili, halafu 1 ya kujumlisha. Moja toa saba, umekwama chini ya sifuri kwa 6. Ukikwama, ongeza 11: unapata 5. Imekaa.

Na ile 107,000 ya kusahau sifuri: 7 ya kutoa, 1 ya kutoa, umekwama kwa 8, ongeza 11, ni 3. Nayo inakamatwa.

Kumi na moja nayo ina upofu wake. Ukibadilishana tarakimu zilizoruka nafasi moja katikati, mfano 152 na 251, haioni, kwa sababu zote mbili ziko kwenye mguu mmoja. Tisa haioni pia. Hapo utakuwa umeponzwa na bahati. Lakini ukitumia tisa na kumi na moja pamoja, kosa la kupita zote mbili lazima liwe limepishana na jibu kwa 99 au mafungu ya 99. Ni wachache wenye mkosi wa namna hiyo.

Usidhani ni mambo mapya. Leonardo wa Pisa, wengi wanamjua kwa jina la Fibonacci, aliieleza hesabu ya kutoa tisa katika kitabu chake cha mwaka 1202. Tarakimu hizi alizijua akiwa kijana Bejaia, pwani ya Aljeria, ambako baba yake alihudumia wafanyabiashara wa Pisa. Yaani alizipata bandarini, kwa watu wenye mizigo na madaftari. Na sisi neno sifuri tumelipata kwa Waarabu, na neno tarakimu vilevile. Mzee wako wa pamba alikuwa kwenye mlolongo mrefu kuliko alivyodhani.

mama_wawili_nansio

Mwalimu, na tebo ya 8 ya yule mtoto? Nimengoja nimechoka. Nina wangu hapa wa darasa la tano anangoja pia.

mwl_mstaafu_nyegezi

Ha ha, nilikuwa namwekea mwisho kama kipande cha kichwa cha samaki.

Chora duara, weka alama tisa kuzunguka, kama saa lakini inaishia tisa. Simama kwenye 9. Tebo ya 1 ni kutembea hatua moja moja kwenda mbele: 1, 2, 3. Tebo ya 8 ni kuruka hatua nane mbele. Lakini kwenye duara la tisa, kuruka nane mbele na kurudi moja nyuma unafika mahali pamoja! Ndiyo maana inashuka ngazi: 8, 7, 6, 5, 4, 3, 2, 1, halafu 9, inaanza upya.

Mwambie sasa aunganishe kwa mstari. Tebo ya 2 inakwenda 2, 4, 6, 8, 1, 3, 5, 7, 9. Inatoka nyota ya ncha tisa. Tebo ya 7 inakwenda 7, 5, 3, 1, 8, 6, 4, 2, 9. Nyota ile ile, imechorwa kinyumenyume, maana saba mbele ni mbili nyuma. Tebo ya 4 na ya 5 vilevile ni pacha, nyota yao ina ncha kali zaidi. Tebo ya 3 na ya 6 hazitoi nyota: zinarudia 3, 6, 9 tu, pembetatu, kwa sababu tatu inaingia kwenye tisa mara kamili na haiwezi kufika kwenye alama nyingine hata itembee mwaka mzima. Na tebo ya 9 haiondoki. Imekaa pale pale ilipoanzia.

Hili la mwisho hutoa kicheko darasani. Nilikuwa namsimamisha mtoto kwenye alama ya tisa namwambia, haya, tembea tebo ya tisa. Anazunguka duara zima, anarudi mahali pake. Tena. Tena. Mara ya nne anauliza, mwalimu, nitafika lini?

karani_wa_dagaa

Wakuu, narudi baada ya siku kumi. Nilipokosekana kulikuwa na mbalamwezi, dagaa hazivuliwi, Mwaloni kunakuwa kimya mpaka unasikia mawimbi. Binti amechora nyota kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, zote nne, na pembetatu moja. Mwenye nyumba hajaona.

Kumi na moja nimeizoea. Ya kulia jumlisha, inayofuata toa. Mwanzo nilikuwa naimba kimoyomoyo "kulia, kushoto" kama mgambo, sasa inakuja yenyewe. Jana imenikamatia 344,000 niliyoandika 434,000. Ndoo 16 kwa 21,500: saba, ambayo ni 5 upande wa kumi na sita. 21,500 ni 5 toa 1 jumlisha 2, ni 6. Tano mara sita thelathini, toa ishirini na mbili, 8. Ya kwangu 434,000: toa 4, jumlisha 3, toa 4, nikakwama kwa 5, ongeza 11, 6. Haikai. Mteja bado anafungua pochi. Nikafuta, nikaandika 344,000, toa 4, jumlisha 4, toa 3, ongeza 11, 8.

mhasibu_bila_tai

Hapo kwenye "saba, ambayo ni 5" umenipoteza. 16: sita toa moja ni 5. Saba ni ya kutoa tisa. Usichanganye mafaili mawili kichwani, fanya moja, maliza, kisha nyingine.

karani_wa_dagaa

Ni kweli, nimechanganya nilipoandika. Sita toa moja, tano.

Kuna kingine nilitaka kusema. Kwa kuwa hakukuwa na kazi nilichukua kauntabuku la zamani, la kabla mzee hajanifundisha. Nikatafuta ile shoti ya kijana wa kwanza, yule aliyeondoka. Nimeikuta: 18,000. Nilikuwa nimeiandika kwa kalamu nyekundu, "imekatwa kwa mbebaji". Moja na nane, tisa. Gawa kwa tisa, mbili. Nikatafuta tarakimu za jirani zinazopishana mbili, si ushahidi, najua, mhasibu umesema. Ukurasa ule una mistari 31. Wa ishirini na sita ni 64,000. Wateja wa mkopo huwa naweka vikaratasi vyao nyuma ya jalada, na cha yule mteja bado kipo, kimeliwa pembe moja na mende. Kinasoma 46,000, na sahihi yake.

Nimemwonyesha bosi. Amekaa kimya muda mrefu, halafu akatoa 18,000 kwenye mkoba, akaniambia nimtafute.

Namba yake nilikuwa nayo. Nimepiga jana na leo, haipatikani. Jirani yao anasema siku hizi yuko kwenye boti la dagaa huko visiwani, na giza limeshaingia, wapo ziwani usiku kucha. Nimeiweka ile pesa kwenye kikaratasi cha 46,000, nimekikunja, kipo nyuma ya jalada.

mama_wawili_nansio

Yuko kisiwa gani? Sisi boti zinashukia hapa asubuhi. Niandikie pembeni.